Division four ya mwisho, au fundi wa mtaani usiye na cheti: njia ya VETA mpaka diploma ipo hivi

Matokeo ya form four yakishatoka maswali yanakuwa yaleyale, dogo kapata division four ya pointi 31 aende wapi, na majibu nayo hayabadiliki: arudie mtihani, aende kozi ya miezi 3 pale mjini, au mpelekeni tu VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, akasome chochote. Hilo neno chochote ndo linaharibu maisha ya watu, maana njia ya ufundi bongo ina ngazi zake na ukiingilia mlango usio wako unapoteza miaka. Naandika kwa ajili ya bara, wa Zanzibar nyie mna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na taratibu zake.

Kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni ya ufundi stadi, hii ndo ya VETA, cheti chake kinaitwa NVA (tuzo ya taifa ya ufundi stadi) na kina levo 1, 2 na 3, ndo vilivyorithi zile trade test za grade walizosoma baba zetu. Ya pili ni ya vyuo vya kati, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Arusha Technical, NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) na wenzao, hii inaitwa NTA (tuzo ya taifa ya elimu ya ufundi) na inaanzia levo 4, ukifika 6 una diploma, 7 na 8 ndo unaelekea kumaliza digrii. Watu wengi wanadhani ngazi hizi hazikutani, kwamba ukienda VETA umeishia hapo. Si kweli, na nitaeleza zinakutania wapi.

Kama mtoto ana D nne au zaidi kwenye masomo yasiyo ya dini, asikimbilie VETA kwanza, huyo anaweza kuomba NTA 4 moja kwa moja kwenye chuo cha kati. Angalia tu kozi yenyewe inataka nini, za uhandisi zinataka hesabu na fizikia, za afya zinataka kemia na bailojia, usilipie maombi kabla hujasoma sifa. Halafu kuna selform. Ile fomu ya TAMISEMI mtoto anaijaza akiwa bado shuleni, anaweka tahasusi (kombi za form five) na vyuo anavyotaka, na wazazi wengi hata hawajui kama imejazwa. Matokeo yakitoka huwa wanafungua dirisha la kubadilisha, sasa hapo kaa na mtoto mezani mfungue pamoja, kama form five haimfai weka chuo cha ufundi cha serikali juu kabisa, maana kuna watoto wanapangiwa chuo kizuri wanakataa kwenda kwa sababu nyumbani wanasema chuo ni cha waliofeli. Na diploma siku hizi kuna mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, kwa fani za kipaumbele kama afya, nishati, usafirishaji, madini, ulianza mwaka wa masomo 2023/2024, kwa hiyo hoja ya hela iangalie tena.

Mwenye D mbili au tatu ndo VETA inamhusu hasa. Na hata wa darasa la saba anapokelewa kwenye kozi nyingi. Kozi ndefu zinaanza Januari, maombi yanatangazwa miezi kadhaa kabla, ukisubiri mpaka Desemba umechelewa. Ada ya vyuo vyenyewe vya VETA ni ndogo mno, imezoeleka kuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ila usije ukajichanganya hapo, kinachouma ni yale mahitaji kwenye joining, ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga, overoli, buti, vifaa vya mkononi, godoro. Omba hiyo karatasi mapema ujumlishe yote ndo useme unaweza au huwezi. Ikishindikana kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC, vipo 54 nchi nzima na vingi viko wilayani huko ambako VETA iko mbali, na hivi vina programu ya Elimu Haina Mwisho kwa mabinti walioacha shule, wengine wanasoma wakiwa na watoto wao.

Sasa zile ngazi zinakutana wapi. Ni hapo NVA levo 3. Kitabu cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha sifa za kuingia digrii kwa mwenye diploma kinataka D nne za form four AU NVA levo 3 kwa mwenye pungufu ya D nne, pamoja na diploma yenye GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0. Soma tena hiyo. Yaani dogo mwenye D mbili akikomaa mpaka levo 3, akaingia diploma, akatoka na 3.0, mlango wa digrii uko wazi bila kurudia form four hata siku moja. Kosa ambalo madogo wengi wanafanya ni kuishia levo 2 kwa sababu wameshapata vibarua, wanasema watarudi, hawarudi. Usitoke na levo 2. Na siku ukiomba digrii utatakiwa uwe na AVN, namba ya uhakiki wa cheti chako cha diploma, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, iombe mapema usisubiri wiki ya mwisho mfumo ukiwa umeelemewa.

Kozi gani? Mimi sikubaliani na wanaosema umeme tu. Umeme wa majumbani ni mzuri ila umejaa, na ukitaka kufanya wayaringi kihalali lazima upate leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zina madaraja kulingana na elimu na uzoefu wako, bila hiyo utabaki unafanya kazi chini ya jina la mtu mwingine na yeye ndo anakula. Majokofu na viyoyozi watu wanaidharau, wakati kila hoteli na kila duka la samaki linamhitaji huyo fundi. Mtu wa Geita au Kahama aangalie uchomeleaji na mitambo, wa Arusha kuna chuo cha hoteli na utalii cha VETA pale Njiro, wa Dar anayependa kompyuta na elektroniki aiangalie VETA Kipawa. Kabla ya kulipa nenda chuoni siku ya kazi, ingia karakana, hesabu kwa macho mashine ngapi zinawaka na wanafunzi wangapi wamezizunguka. Ukiambiwa karakana imefungwa leo rudi kesho, na kesho ikiwa imefungwa tena basi umeshapata jibu. Chuo cha mtu binafsi kitafute kwanza kwenye orodha ya NACTVET, siyo kuangalia bango getini.

Nije kwa watu wazima, na hapa ndo utamu ulipo. Wewe ni fundi seremala, gereji, uashi, mpishi, umejifunzia kwa mjomba, kazi unaijua ila kila ukiomba ajira kampuni inataka cheti. Usiende kukaa darasani miaka miwili na watoto. Nenda VETA ya karibu uulizie urasimishaji ujuzi. Unajaza fomu, wanakuhoji, unaonyesha ushahidi kwamba kazi umeifanya, halafu unapewa kazi ya vitendo mbele ya mkaguzi, pale ulipopungukiwa wanakunoa kidogo, kisha unapata cheti kinachotambulika. Mara nyingine Ofisi ya Waziri Mkuu inalipia kwa makundi, matangazo yanapita halmashauri na serikali za mitaa, kwa hiyo mzoeshe mtendaji wako ajue sura yako. Ushahidi anza kuukusanya leo: picha za kazi kabla na baada, barua ya mwenye gereji, risiti, barua ya mteja mmoja mwenye ofisi. Mafundi wengi wana picha mia kwenye simu ila simu ikiibiwa na ushahidi umekwenda, zitume kwenye imeili yako.

Aliyekosa hata form four na anaitaka kweli kuna QT, mtihani unaokuruhusu kufanya form four kama mtahiniwa binafsi, unausomea kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, unasoma jioni huku unafanya kazi, inawezekana kabisa ila usiichanganye na kozi ngumu ya ufundi mwaka huohuo. Na ukishapata cheti ukakosa vifaa, jiungeni kikundi muombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mafundi watano wenye vyeti wanasikilizwa haraka kuliko kikundi cha watu wasio na kazi inayoonekana.

Jambo la mwisho ni majina. Cheti cha kuzaliwa, NIDA, cheti cha NECTA na fomu ya VETA viwe na majina yaleyale kwa herufi zilezile, kama kuna Mohamed huku na Muhammed kule nenda kwa wakili ukarekebishe sasa hivi kabla hujasajiliwa, kwa sababu cheti kikishachapwa kusahihisha ni safari nyingine.