Kabla hujarudi kwenye mazoezi makali, zifikirie figo

Kwenye mazoezi, anayeumia zaidi si lazima awe mnyonge. Mara nyingi ni mtu mwenye nguvu zake aliyekaa miezi bila kufanya chochote, kisha akarudi kwa pupa akitaka kufidia yote siku moja.

Misuli ikilazimishwa kupita kiasi, seli zake hupasuka na vilivyomo humwagikia kwenye damu. Kuna mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli. Ikifika kwenye figo kwa wingi huziba mirija yake midogo na kuiumiza. Kuna pia potasiamu, ambayo ikipanda huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kabla mtu hajajua kuwa figo zina shida. Madaktari huiita hali hii rabdomayolisisi.

Kwa hiyo siku ya kwanza fanya nusu ya ulichozoea, au chini ya hapo, na usione haya. Jihadhari hasa na miendo ya kushuka: kuteremka mlima, kushusha chuma taratibu, kuchuchumaa mara mia mfululizo. Hapo msuli unavutwa huku ukikaza, na ndivyo unavyochanika kwa urahisi. Mwalimu wa mazoezi anayejisifu kwamba wanafunzi wake hushindwa kutembea kesho yake, mimi ningemkimbia.

Angalia na dawa unazotumia. Statini, zile za kupunguza lehemu, huweza kudhuru misuli, na hatari huongezeka zikichanganywa na antibiotiki kama klarithromaisini. Usiziache kwa uamuzi wako. Muulize daktari kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi humeza kabla ya mazoezi ili wasisikie maumivu, hupunguza damu inayoingia kwenye figo wakati ule ule figo zinapoihitaji. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote hapa. Pombe nyingi usiku wa kuamkia mazoezi nayo haifai.

Ukiwa na homa au mafua makali, ahirisha. Jua likiwa kali, punguza kasi, pumzika mara kwa mara na unywe maji kwa kadiri ya kiu. Kujijaza maji kupita kiasi nako hushusha chumvi ya damu. Anayebeba kinasaba cha selimundu, hata kama haumwi, amweleze mwalimu wake mapema, maana joto na juhudi kubwa vinaweza kumwangusha.

Jua pia utakachokitazama baadaye. Uchungu wa kawaida wa mazoezi huvumilika na hupungua siku baada ya siku. Misuli ikivimba, ikikaza na kukosa nguvu, au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo ukirudi kuwa mweupe usijidanganye: mayoglobini huweza kutoweka ndani ya siku moja, ilhali kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kwa kawaida CK huwa chini ya uniti 200 hivi kwa lita; ikivuka 1,000 hushukiwa ugonjwa huu, na ikipita 5,000 hofu ya figo huwa kubwa. Mtajie daktari zoezi ulilofanya na kila dawa uliyomeza, ili apime CK, kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) na potasiamu mapema na kukuwekea dripu ikihitajika.