Ukishtakiwa Ugenini: Lugha ya Mahakamani

Polisi wakikuhoji bila kukufungulia kesi, wewe bado ni mtuhumiwa. Mashtaka yakishafunguliwa ndipo unakuwa mshtakiwa. Usiidharau hatua hiyo ya kwanza, maana kesi nyingi huharibikia kituoni. Marekani, tangu kesi ya Miranda ya 1966, aliye chini ya ulinzi lazima aambiwe kabla ya kuhojiwa kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. England na Wales ushauri wa wakili kituoni ni bure, ila huko ukinyamazia jambo kisha ukaja kulitegemea mahakamani, kimya chako kinaweza kukugeukia. Basi omba wakili kwanza. Hata akilipwa na serikali, huyo ni wako, usimfiche kitu.

Mahakamani utasomewa mashtaka na kuulizwa kama unakiri au unakana. Hapa ndipo wenzetu wengi wanapoponzwa. Mwendesha mashtaka anaweza kuleta makubaliano: kiri kosa dogo, ulipe faini au upewe kifungo cha nje, yaishe leo leo. Kwa raia huenda ni nafuu. Kwa mwenye viza, kukiri ni kutiwa hatiani, na hilo linaweza kukufukuzisha nchini hata kama hukulala gerezani usiku mmoja. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo. Usisubiri akumbuke. Muulize: "Nikikiri, kibali changu cha kuishi kitakuwaje?"

Ukikana, mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashtaka. Wakati huo unaweza kuwa nje kwa dhamana, pengine kwa sharti la kukabidhi pasipoti. Ukivunja sharti, ni rumande.

Omba mkalimani hata kama lugha ya kazini unaimudu. Kuhojiwa na mwanasheria ni shughuli nyingine kabisa. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966 unampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama mkalimani wa bure.

Tena, Mkataba wa Vienna wa 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe umekamatwa. Maafisa wake wanaweza kukutembelea na kukusaidia kupata wakili. Kukutoa, hapana.