Elimu bure na mfuko wa mzazi: namna ya kujipanga kwa mwaka wa skuli

Tangu Septemba 23, 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bure, skuli za serikali Unguja na Pemba zinamhesabu mtoto kuwa ana haki ya kusoma hata kama baba yake hana kitu. Serikali inaweka jengo, mwalimu na mtihani. Haimshonei mtoto shati, haimwamshi alfajiri, wala haifungui buku lake, yaani daftari, usiku. Kazi hizo tatu ni za nyumbani, na zinawezekana kwa kipato kidogo zikianza mapema.

Anza na hesabu. Kaa na mwenzako, andikeni mahitaji ya kila mtoto peke yake. Kwa mfano, mtoto wa kiume wa msingi: mashati mawili 24,000, suruali mbili 30,000, viatu 20,000, mkoba 15,000, madaftari 9,000, kalamu, penseli na rula 6,000. Jumla shilingi 104,000. Bei hizi ni za kuonesha njia tu, weka za soko la Darajani mjini Unguja au za duka la Chake Chake, Pemba, unalonunua wewe. Gawa kwa wiki 52, unapata 2,000 kwa wiki. Ukianza Julai zimebaki wiki 26, inakuwa 4,000. Ukianza Disemba utakopa, na deni la sare hulipwa kwa pesa ya chakula.

Kitambaa kipeleke kwa fundi Novemba, kabla foleni haijajaa. Mwambie aache upindo wa inchi mbili kwenye suruali au sketi. Mtoto akirefuka katikati ya mwaka unateremsha upindo badala ya kushona upya. Jambo jingine ambalo wazazi wengi halijawaingia kichwani: Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa inasogelea Januari. Nguo za Sikukuu na sare zinakuja karibu karibu, kwa hiyo kila moja iwe na fungu lake. Ukichanganya, Sikukuu ndiyo inayoshinda.

Si kila mtu anapata pesa kwa wiki. Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani hushuka pwani maji ya bamvua, bahari inapokupwa sana, akangoja wiki kadhaa mwani ukue, akavuna, akaanika, ndipo akauza. Kwake hesabu ya wiki haina maana. Atoe fungu siku ile ile anayopokea pesa, tuseme moja katika kila shilingi kumi, kabla hajapita dukani. Mwenye mikarafuu Pemba hupata pesa nyingi kwa mara moja, na mwaka unaofuata mti unaweza usizae vizuri. Siku anayotoka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, atoe gharama za skuli za miaka miwili, si za mmoja. Na msimu usiwe sababu ya mtoto kukosa darasa. Wiki tatu za kuchuma zikikutana na wiki za marudio, alama huanguka. Mtoto asipandishwe mkarafuu kabisa, matawi yake hukatika kirahisi.

Pesa uiweke wapi? Kibubu cha nyumbani huvunjwa mgeni akija. Upatu ni mzuri ukiomba zamu yako iwe Novemba au Disemba. Ukipokea Machi, ikifika Januari imeshaliwa huku bado unachangia wenzako. Kikundi cha hisa chenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, ni bora zaidi, mradi mkubaliane tangu mwanzo kuwa mgao ni mwisho wa mwaka.

Sasa buku la mtoto. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kulikagua. Mara moja kwa wiki fungua kurasa za mwisho, tazama mambo mawili: tarehe na wino mwekundu. Zikipita siku tatu za skuli bila tarehe mpya, ama mtoto hafiki darasani ama mwalimu hafundishi. Kazi ipo lakini wino mwekundu haupo, hasahihishiwi. Kisha mwambie asome aya moja kwa sauti. Aliyefika darasa la tatu akiwa bado anaunga silabi moja moja anahitaji msaada sasa hivi, si karibu na mtihani. Nenda kwanza kwa mwalimu wa darasa ukiwa na buku mkononi. Usiposikilizwa nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya skuli, kisha ofisi ya elimu ya wilaya. Anayerukia wilayani moja kwa moja hurudishwa alikotoka, na wiki mbili zimepotea. Skuli yenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, mtoto wa mchana apange chuoni (madrasa) asubuhi na kazi ya skuli kabla ya adhuhuri, maana usiku atasinzia.

Pahala panapowaumiza wengi zaidi ni kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, skuli wameandika Hamisi. Hapa Fatma, kule Fatuma. Mohamed kwa m moja, kwengine mbili. Mtoto anasoma miaka kumi hakuna anayejali, kisha jina linapelekwa kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne na kuchapwa kwenye cheti. Kuanzia hapo kitambulisho na ombi la mkopo wa chuo kikuu havikubaliani na cheti, na kurekebisha ni safari za ofisi kwa ofisi. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, peleka nakala ya cheti na usimame hapo hapo uone mwalimu anavyoandika majina yote matatu, herufi kwa herufi. Rudia kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Kama cheti chenyewe kina kosa, anzia kwa sheha, mkuu wa shehia yenu, upate barua, kisha ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii ya wilaya.

Mliotengana, mtoto hajaachwa talaka. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inawatwika wazazi wote wawili matunzo yake. Ahadi ya "nitaleta nikipata" haidaiki. Andikeni kiasi, tarehe ya kutoa na nani analipa sare, mbele ya sheha, kila mmoja abaki na nakala. Baba asipotekeleza, mama aende Mahkama ya Kadhi na cheti cha kuzaliwa, karatasi ya talaka, makubaliano yale na orodha ya gharama ya mwezi. Asiye na orodha hukadiriwa kidogo.

Msaada wa serikali udai bila haya. Kaya iliyomo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini, ijue mahudhurio ya mtoto yanahesabiwa, utoro unaweza kupunguza ruzuku. Lakini pensheni jamii ya bibi, inayotolewa tangu 2016 kwa waliofika miaka 70, ni dawa na chakula chake. Usiiandike kwenye hesabu ya sare.