Hijazi kar kwa watu wa mashoto: umbo moja linalojirudia kwenye dropu D

Kama unapiga gitaa kwa mashoto, umeshachoka kuambiwa "wewe geuza tu kichwani". Usigeuze kitu. Kinachotusumbua ni michoro ya shingo, maana uzi mnene huchorwa upande ambao kwetu una uzi mwembamba. Namba za freti hazina kulia wala kushoto, kwa hiyo hapa naifundisha hijazi kar, skeli ya muziki wa Kiarabu na Kituruki, kwa namba tupu. Na ukimtazama kwenye video mwalimu wa mkono wa kulia, shingo ya gitaa lake inaelekea upande uleule wa lako, kama unajitazama kwenye kioo. Hapo sisi ndio tuliopendelewa.

1. Shusha uzi wa 6
Toka E A D G B E, legeza uzi wa 6 (ule mnene kuliko zote) toni moja uwe D; hiyo ndiyo dropu D. Upige pamoja na uzi wa 4. Utasikia sauti inayumba, wau-wau-wau; kadiri unavyokaribia, inayumba polepole, kisha inatulia. Legeza kupita kidogo halafu panda kwa kukaza, la sivyo uzi utashuka tena katikati ya mazoezi.

2. Umbo lenyewe (0 ni uzi usiobanwa)
Uzi wa 6: 0-1-4-5
Uzi wa 5: 0-1-4-5
Uzi wa 4: 0-1-4-5

Sijakosea kunakili. Noti za skeli ni D, E-flati, F-shapu, G, A, B-flati, C-shapu, na nusu yake ya pili imejengwa sawasawa na ya kwanza. Kwenye tyuni ya kawaida hili halionekani. Ukishusha uzi wa 6, umbali kati yake na uzi wa 5 unakuwa nusu toni 7, na ghafla nusu zote mbili zinakaa kwenye freti zilezile. Hesabu sasa nusu toni kati ya noti na noti: 1-3-1-2-1-3-1. Isome kutoka mwisho uone: ni ileile. Kwa mtu wa mashoto hiyo ni zawadi.

Uzi wa 3 umbo linahama freti mbili: 2-3-6-7.

3. Vidole
Usianzie chini, freti za huko ni pana. Anza 7-8-11-12 kwenye uzi wa 6 na wa 5: shahada, kati, pete, kidogo. Ile ruka ya 8 kwenda 11 itauma. Mkono ukizoea, shuka freti moja moja mpaka kwenye 0, ambako vidole vitatu vinatosha.

Bana kwa wepesi. Uzi uliolegezwa ukiukandamiza, noti inapanda, na E-flati iliyopanda inaharibu ladha yote ya skeli hii.

4. Badilisha noti moja
Kwenye uzi wa 5 piga 0-1-3-5 badala ya 0-1-4-5. C-shapu imekuwa C, na sasa unapiga hijazi ya kawaida, ambayo kwenye nadharia ya Kizungu ni skeli ya mainoa ya hamoniki ikianzia noti yake ya tano (hapa ni ya G). Mimi naipenda hii zaidi. Ile nyingine ikizidi inachosha masikio.

Maswali

*Mwalimu, mimi nimepindua gitaa la mkono wa kulia bila kuhamisha nyuzi. Namba zinanihusu?*
Zinakuhusu zote. Dick Dale, mpiga gitaa wa Marekani, alipiga hivyohivyo, nyuzi nene zikiwa chini. Ila ukicharaza kwenda chini unaanza na nyuzi nyembamba. D-A-D ya nyuzi nene uicharaze kwenda juu.

*Nikishuka hadi dropu C (nyuzi zote toni moja chini ya dropu D) uzi wa 6 unagonga freti.*
Uzi wa 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) ni mwepesi mno kwa C. Weka seti ambayo uzi mwembamba ni 11, uzi mnene uwe 54 hivi, kisha angalia kama umeingia vizuri kwenye mfereji wake pale shingoni; kama gitaa lilikuwa la kulia, mifereji imechongwa kinyume na mahitaji yako. Namba hazibadiliki. Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath, mwenzetu wa mashoto aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani, kufikia mwaka 1971 alikuwa anarekodi gitaa likiwa limeshushwa nusu toni tatu, na nyuzi laini zilimpunguzia maumivu.

*Kaka, mbona nikipiga peke yangu inasikika kama skeli nyingine kabisa?*
Sikio lako limeanza kuisikia G kama noti ya nyumbani badala ya D. Noti hizohizo ukianzia G ni mainoa ya Kihungari. Acha uzi wa 6 uvume muda wote, na kila baada ya noti nne rudi uugonge tena.