Somo: Kukaza bolti ya puli ya krankishafti nyumbani, injini isipokubali kutulia

Wadau, kila siku watu wanauliza namna ya kuifungua bolti hii, inayoshika puli kwenye krankishafti (shafti kuu ya injini). Kuifungua ni nusu ya kazi. Nilibadilisha sili ya mbele ya IST yangu, nikairudisha bolti nikivuta mpaka jasho likanitoka, nikajipongeza. Wiki mbili baadaye puli ikaanza kuyumba. Nilipofungua, kile kichuma kinacholoki puli (kii) kimelika na mfereji wake umetanuka. Kumbe kila nilipovuta, injini ndiyo iliyokuwa inazunguka, bolti iko palepale.

Mfano wetu ni 1NZ-FE, injini ya Toyota ya cc 1,500 iliyo kwenye baadhi ya Probox, IST na Vitz. Kipimo cha kukaza ni Nm 128 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kama yako ni injini nyingine, tafuta kipimo chake, usiazime hiki.

1. Gari likae kwenye stendi, jeki peke yake hapana. Toa waya wa hasi wa betri, tairi la mbele kulia na kava la plastiki.

2. Safisha bolti na tundu lake mpaka ving'ae. Kukiwa na mchanga au kutu, nguvu yako inaishia kwenye msuguano: spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza) inakwambia imefika, kumbe bolti haijabana. Oili ni kinyume chake, kwa kipimo kilekile bolti inavutika zaidi. Kwa hiyo fuata kitabu cha injini kinavyotaka.

3. Anza kwa vidole, mizunguko mitatu minne. Ikigoma, itoe uanze upya. Usiilazimishe kwa spana.

4. Zuia injini. Kazi yote iko hapa. Gari la gia za mkono: weka gia ya 5, mtu akanyage breki asiachie. Gari la oto: P haikusaidii, kwa sababu inafunga upande wa magurudumu, na injini imeungana na gia boksi kwa mafuta ndani ya torki konveta. Chukua bapa nene la chuma, litoboe, lifunge kwa bolti mbili kwenye matundu ya puli yenye nyuzi, na katikati uache nafasi ya soketi. Bapa lielekee mbele ya gari, ncha ikae juu ya gogo. Ukikaza, litataka kushuka na gogo litalizuia.

5. Vuta spana ya torki taratibu, bila kushtua. Ikilia "tak" mara moja, acha. Kuna watu wanapenda kuisikia mara tatu. Hao ndio wanaokata bolti.

MASWALI

*Mkuu, sina spana ya torki na fedha ya kununua haipo.*
Chukua mpini wa sentimita 50 na mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi. Funga mizani mwisho wa mpini, vuta kwa pembe mraba. Ikisoma kilo 26, uko kwenye Nm 128. Pima hizo sentimita 50 kuanzia katikati ya soketi.

*Kufungua nilitumia stata, spana nikaiegemeza kwenye chesisi. Kukaza je?*
Haiwezekani, kaka. Stata inazungusha injini upande mmoja tu, na kwa ujanja huo upande huo ndio unaofungua.

*Jirani ana bunduki ya upepo, akipiga sekunde chache si inatosha?*
Inaweza kuwa Nm 90, inaweza kuwa 250. Hata yeye hajui. Tumia bunduki kufungua.

*Shikamoo fundi. Yangu inakwenda tu, haifiki kipimo, na mkononi naisikia laini.*
Marahaba. Simama hapohapo. Ama nyuzi zinakatika, ama bolti inarefuka. Itoe uilaze kando ya mpya: nyuzi zikipishana, ya zamani tupa. Kama unga wa chuma umetoka kwenye tundu, tatizo liko kwenye krankishafti, na hapo mpelekee fundi wa mashine za kukereza kabla hujaiwasha.