SOMO: Kupima uchovu wa AlSi10Mg iliyochapwa kwa leza, kwenye nyuzi 250

Uchovu ni metali kupasuka kwa mzigo unaorudiwa mara nyingi. AlSi10Mg, aloi ya alumini yenye silikoni na magnesi kidogo, huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 560 za Selsiasi. Hesabu kwa Kelvini: ukiwa nyuzi 250 umeshavuka asilimia 60 ya njia, na metali inabadilika ndani ya tanuru huku unaipima. Hilo ndilo linaloharibu vipimo vingi.

Hatua 1. Kausha poda. Unyevu huleta haidrojeni, nayo huacha vitundu vya mviringo.

Hatua 2. Chapa fito zikiwa wima ili mzigo uvute tabaka zitengane. Huo ndio upande dhaifu. Acha milimita 1 hadi 2 za kukereza.

Hatua 3. Kabla ya kuzikata kwenye bamba zilipochapiwa, zipashe nyuzi 300 kwa saa 2 kuondoa mikazo iliyobaki. Wavu mwembamba wa silikoni hukatika hapa: nguvu hushuka, unyumbufu huongezeka.

Hatua 4. Kereza, kisha sugua kufuata urefu wa fito hadi Ra (kipimo cha ukwaru wa uso) 0.2 µm. Mikwaruzo ya kukatiza huanzisha nyufa.

Hatua 5. Wengi huiruka hii. Zeesha fito zote, yaani ziache kwenye joto, saa 100 kwenye nyuzi 250. Usipofanya hivyo, fito iliyokaa mashineni saa 2 na iliyokaa siku 5 ni metali mbili tofauti, nawe utazichora kwenye mchoro mmoja.

Hatua 6. Funga termokapo (nyaya za kupimia joto) tatu (juu, kati, chini) kwa uzi wa nyuzinyuzi za kioo. Usizilehemu. Wakati wa kupasha, mashine ishikilie mzigo sifuri: fito ya milimita 100 hurefuka karibu nusu milimita, na ikibanwa huku na huku itapinda. Joto likitulia ndani ya ±2, subiri dakika 30.

Hatua 7. Endesha kwa hezi 10 hadi 20, simamisha kwenye mizunguko milioni 10. Andika masafa kwenye ripoti, maana ukienda polepole metali hupata muda wa kutambaa, yaani kurefuka taratibu chini ya mzigo.

MASWALI

Mkuu, mzigo uleule, fito moja imefika mizunguko laki 2, nyingine milioni 3. Mashine mbovu?

Kagua kwanza unyoofu wa vishikio. Kisha tazama mvunjiko kwa hadubini ya elektroni, tafuta kitundu kilichoanzisha ufa, pima eneo lake, chukua kipeuo cha pili. Kitundu kikubwa kilicho karibu na uso hukatisha maisha mapema. Ukubwa ukifuatana na maisha, mashine yako ni nzima.

Je, T6 (kupasha sana, kupoza ghafla, kisha kuzeesha) isingesaidia?

Kwa nyuzi 250, hapana. Nguvu ya T6 hutoka kwenye chembe za magnesi na silikoni zilizozeeshwa karibu na nyuzi 160. Kwenye 250 hukua na kupoteza kazi. Tena T6 huanza na joto la zaidi ya nyuzi 500, ambalo hupanua vitundu vya haidrojeni. Kwa nyuzi 250 jaribu aloi zenye seriamu: elementi hii haiyeyuki karibu kabisa ndani ya alumini na husafiri polepole, kwa hiyo chembe zake hazikui upesi.