Somo: Kupiga picha ndege za kivita juu ya manowari ya kubebea ndege

Nilizaliwa Likoni, nikaja Marekani nikiwa binti, nikaingia jeshi la majini na kufanya kazi ya kupiga picha. Sasa naishi Norfolk, Virginia, bandari ambayo ndiyo nyumbani kwa manowari kadhaa za kubebea ndege. Wengi mmeniuliza zile picha za Super Hornet, ndege ya kivita ya jeshi la majini, zinapatikanaje, basi leo nakaa chini niwaeleze. Nitazungumzia meli za aina ya Nimitz kwa sababu ndizo ninazozijua: urefu wa takriban mita 333, manati nne za mvuke (mitambo ya kurushia ndege), na ndege zaidi ya 60 zinazogombea nafasi kwenye sitaha moja.

Neno ambalo ningependa mlishike tangu mwanzo: pale juu hukimbizi picha. Unajifunza mfuatano wa kazi, kisha unaisubiri picha mahali itakapopita. Ndege inapotupwa na manati huvuka kilomita 200 kwa saa katika muda wa kama sekunde 2. Ukinyanyua kamera baada ya kuiona ikiondoka, umeshachelewa.

Hatua ya 1: Hesabu vitu vyako

Chukua kamera mbili, moja na lenzi ya milimita 24-70 ya kupiga vya karibu, nyingine na ya 70-200 ya kuvuta vya mbali. Hubadilishi lenzi ukiwa juu ya sitaha. Kuna chumvi, mvuke, mafuta, na upepo usiokoma kwa sababu meli huelekezwa kwenye upepo kila ndege zinaporuka. Vizibo vya lenzi viache chini. Kikinga-mwanga kama ni lazima, kifunge kwa utepe imara. Kitambaa cha kufutia, kadi ya kumbukumbu, betri ya ziada, vyote ndani ya mfuko wenye zipu.

Kabla ya kupanda, hesabu. Ukirudi, hesabu tena. Injini ya ndege hufyonza chochote kilicholegea, na skrubu moja inatosha kuiharibu. Ndiyo maana kila siku wanasitaha hujipanga bega kwa bega na kutembea taratibu toka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma ya meli, macho chini, wakiokota hata kipande cha waya. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka nikakuta kikinga-mwanga hakipo. Nilitoa taarifa papo hapo na kazi ya sitaha nzima ikasimama mpaka kilipopatikana kwenye wavu wa pembeni. Sijawahi kupanda tena bila kuhesabu kwa sauti.

Hatua ya 2: Izoeshe kamera joto

Ndani ya meli kuna kiyoyozi, na nje, kama mko Ghuba, kuna joto lenye unyevu mzito. Kamera baridi ikitoka tu, kioo kinafunga ukungu na utapoteza nusu saa nzima. Ifungie kwenye mfuko wa plastiki, uiache kwenye hanga, ukumbi wa ndege chini ya sitaha, dakika 30 hivi, halafu panda nayo. Jioni ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji matamu, kisha kwa kikavu. Chumvi haina haraka lakini haisahau.

Hatua ya 3: Mwili wako kwanza

Kofia ngumu yenye vikinga-masikio, na chini yake vizibo vya masikio. Vyote viwili. Miwani ya kinga, jaketi la kuelea, mikono mirefu, buti. Mgeni hapandi peke yake. Yupo msindikizaji, na mara nyingi atakushika mgongoni kwenye jaketi unapopiga. Mwache akushike. Akikuvuta, nenda, hata kama picha ya maisha yako iko mbele ya lenzi.

Usitembee jicho likiwa kwenye kamera. Simama, piga, shusha kamera, tazama pande zote, ndipo upige hatua. Mstari mwekundu na mweupe unaokata sitaha ni mpaka: upande wa pili ndege zinatua. Nyuma ya injini kuna upepo wa moto unaoweza kukubeba hadi baharini, karibu mita 20 chini. Na ile Hawkeye, ndege ya rada, rafadha zake zikizunguka usiku hazionekani kabisa. Mimi naiogopa kuliko zote.

Hatua ya 4: Soma rangi

Fulana za sitaha ni lugha. Manjano wanaongoza ndege. Kijani ni wa manati, waya za kunasia ndege zinazotua, na mafundi. Wekundu ni silaha na zimamoto. Zambarau ni mafuta. Buluu husukuma ndege, huendesha matrekta na kuweka vigingi vya magurudumu. Kahawia kila mmoja ana ndege anayoitunza kama mtoto wake. Weupe ni usalama, wakaguzi na matabibu. Ukiona wekundu wamelisogelea bawa, ujue pini za usalama za silaha zinatolewa. Ukiona manjano amenyoosha mikono, fuata vidole vyake, vitakuonyesha ndege inakokwenda kabla haijasogea.

Hatua ya 5: Kuruka

Hapa ndipo picha zilipo, kwa hiyo nitakawia.

Mwenye manjano anaiingiza ndege kwenye manati sentimita kwa sentimita. Nyuma yake ukuta wa chuma unainuka kukinga moto wa injini. Wenye kijani wanainama chini ya pua kuufunga mkono wa ndege kwenye manati, na mvuke unawapanda magotini. Piga hapa na 24-70, ukiwa umechuchumaa, jua likiwa nyuma ya mvuke. Kisha mmoja ananyanyua ubao wenye uzito wa ndege ili rubani athibitishe. Injini zinapandishwa mpaka mwisho na kifua chako kinatetemeka. Rubani anachezesha mapezi yote ya ndege, wakaguzi wenye nyeupe wanainua vidole gumba. Rubani anapiga saluti.

Baada ya saluti, ofisa wa manati anapiga goti, anagusa sitaha, ananyoosha mkono kuelekea omo. Anza kupiga mfululizo anapopiga goti. Usimsubiri anyooshe mkono.

Ushauri wangu, na najua wapo watakaoupinga: ndege peke yake angani ni picha ambayo kila mtu anayo. Mweke binadamu ndani ya fremu. Mkono wa yule ofisa na pua ya ndege vikiwa kwenye mstari mmoja, hiyo ndiyo picha ambayo mtazamaji wa nchi kavu hawezi kuipata kwingine.

Hatua ya 6: Kutua

Mahali pazuri ni ile roshani ya juu kwenye mnara wa meli, ambayo mabaharia wa Marekani wameipa jina la ndege tai. Upo salama, unaona sitaha yote, na lenzi ya 70-200 inatosha. Meli nyingi za Nimitz zina waya 4 na rubani analenga wa 3. Kwa hiyo weka fokasi eneo la waya wa tatu. Kulabu ya mkiani, inayonasa waya, ikigusa chuma cheche huruka, na alfajiri au machweo zinaonekana vizuri. Utashangaa kusikia injini ikinguruma zaidi wakati ndege inagusa sitaha: rubani anaweka nguvu zote ili kulabu ikikosa waya aweze kuruka tena. Basi usishushe kamera, huenda ikaondoka mbele yako.

Hatua ya 7: Mipangilio

Ndege za jeti: shata 1/1000 hadi 1/2000 ya sekunde. Zenye rafadha: shuka hadi 1/160 au 1/200, la sivyo rafadha zitaonekana zimesimama kama ndege imeegeshwa. Helikopta: 1/100 ukiweza kutulia. Fokasi ya kufuatilia iwe imewashwa muda wote. Ndege ni za kijivu na anga la bahari lina mwanga mwingi, hivyo ongeza mwanga kidogo, theluthi moja hadi theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Flashi usiku ni marufuku.

Ruhusa nayo: muulize ofisa wa habari kabla hujapanda ni vitu gani havipigwi, hasa vyumba vya ndani na skrini, naye aone picha kabla hazijatoka.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Tanga: Shikamoo dada. Ile picha ya ndege iliyozungukwa na wingu jeupe kama sketi, ni kweli wanaipiga inapovunja mwendo wa sauti?

Marahaba mdogo wangu. Picha iliyojulikana zaidi aliipiga John Gay, ofisa wa meli ya Constellation, Julai 7, 1999, ya Hornet ikipita juu ya Pasifiki. Lile wingu ni unyevu wa hewa unaogeuka matone madogo shinikizo linaposhuka ghafla kuzunguka ndege. Hutokea karibu na mwendo wa sauti, si lazima uvukwe. Kwa hiyo angalia unyevu: siku hewa ni nzito, ndege ikipita chini kwa kasi, anza kupiga mapema.

Mwanachama, Dar es Salaam: Dada, meli mpya zisizo na mvuke picha zake hazitapoa?

Gerald R. Ford, iliyoanza kazi rasmi 2017, ina manati za sumaku ya umeme, na kweli ule mvuke haupo. Binafsi nautamani. Lakini sitaha inakuwa safi, na nyuso za watu zinaonekana vizuri zaidi. Tumia hilo.

Mwanachama, Muscat: Mnafikaje huko melini katikati ya bahari?

Miaka mingi ilikuwa Greyhound, ndege ya mizigo ambamo abiria hukaa wakitazama nyuma na madirisha ni haba mno. Sasa Osprey, inayopaa na kutua wima kama helikopta, inachukua nafasi yake. Funga kamera kwenye begi, begi likabidhi. Greyhound ikinaswa na waya, chochote ulichoshika kitaruka.

Mwanachama, Mombasa: Mimi dada yangu sidhani kama nitawahi kupanda meli hiyo. Nifanyie wapi mazoezi?

Kaka, mimi nilianzia kivukoni Likoni. Usielekeze lenzi kwenye uwanja wa ndege wala meli za jeshi bila ruhusa, utajiletea matatizo. Simama kando ya barabara, fuata bodaboda kwa shata 1/125 mpaka dereva awe wazi na nyuma yake kuwe na mistari. Ukizipata kumi safi mfululizo, hamia kwa ndege hai kama mwari na kozi ufukweni, ambao hawakupi taarifa wanapogeuka. Halafu niletee nizione.